Mteja kaposti kwamba dagaa zangu zina mchanga, oda zimekata. Nifanyeje?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Habari kaka. Nipo Mwanga, Kigoma, nauza dagaa na mawese, natuma kwa basi Dar, Dodoma na Arusha, oda karibu zote napata mtandaoni. Wiki 2 zilizopita mteja wa Dodoma aliweka picha za mzigo wangu kwenye grupu kubwa la akina mama Facebook, akaandika dagaa zina mchanga na mawese nimechanganya mana yameganda. Jina la biashara yangu lipo pale, komenti zimepita mia, na kuna mtu kapiga skrinshoti kaipeleka TikTok. Nilikuwa natuma ndoo 12 kwa wiki, wiki hii nimetuma 3. Mdogo wangu anasema nilipe vijana waandike maoni mazuri, mume wangu anasema nikamfungulie kesi ya mtandao. Wewe unanishauri nini?"

Pole sana dada yangu. Kutoka ndoo 12 mpaka 3 sio mchezo, hapo kuna ada za watoto na kodi ya fremu, kwahiyo sitakujibu juujuu. Naomba unisome mpaka chini hata kama ni ndefu, mana maswali ya namna hii nayapata sana, mwenye gesti, mwenye saluni, fundi simu, wote kilio kimoja, mtu mmoja kaandika kitu mtandaoni na biashara imeyumba.

Nianze na jambo ambalo kwenye ujumbe wako wote hujaligusa. Je, zile dagaa zilikuwa na mchanga kweli? Umeniambia kuhusu komenti, kuhusu TikTok, kuhusu mdogo wako na mume wako, ila hapo umepita kimya, na mimi naona kila kitu kinaanzia hapo. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mwaloni dagaa zinaanikwa kwa namna mbili, kuna za kwenye chanja na kuna za chini mchangani, na siku mzigo ukiwa mchache ukifika mwalo wa Kibirizi au Katonga umechelewa unachukua ulichokikuta, alaf unakichanganya na kile kizuri cha juzi ili ndoo zitimie. Kama ulifanya hivo usijichukie, ila kubali moyoni kwanza kabla hujaandika hata neno moja.

Kipimo chake kipo nyumbani kwako. Chukua viganja viwili vya dagaa kutoka kwenye mzigo ule ule kama umebaki, mimina kwenye bakuli jeupe, weka maji ya kutosha, koroga taratibu kwa mkono, acha dakika tano bila kugusa. Alaf toa dagaa kwa juu na umwage maji polepole sana kwa kuinamisha bakuli. Kinachobaki chini ndicho alichotafuna mtoto wa yule mama kule Dodoma. Ukiona kijistari chembamba cha mchanga kwenye bakuli basi yule mteja hajakuonea, na ukiona bakuli safi basi umeshapata vidio yako ya kwanza ya kujibu, ila rekodi kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukata, watu wa mtandaoni wanajua vidio iliyokatwa.

Tena angalia picha yake vizuri, ikuze. Kuna watu wanauza dagaa wa Mwanza kwa jina la dagaa wa Kigoma, na wale ni samaki tofauti kabisa, wa Ziwa Victoria, kwahiyo hakikisha ni mzigo wako kweli na sio kwamba alinunua kwa mtu mwingine akachanganya majina. Inatokea.

Sasa mawese, na hapa nakutetea kwa asilimia zote. Mawese halisi yanaganda. Karibu nusu ya mafuta yaliyomo ndani yake ni yale mazito, yanayeyuka kabisa kwenye joto la kama nyuzi 35 hivi, chini ya hapo yanaanza kufanya uji, na kwenye baridi ya Juni na Julai dumu linakuwa gumu hadi unachota kwa kijiko. Hapa Kigoma kila mtu kakulia nayo hivo. Lakini mama wa Dodoma kakulia kwenye alizeti, Singida na Dodoma ndo nchi ya alizeti, na alizeti inabaki majimaji, kwahiyo akifungua dumu asubuhi akakuta limeganda juu na chini kuna kitu cha rangi nyingine, akili yake inamwambia kaibiwa. Hajakusingizia, ameona kitu asichokijua na hakuna aliyemwambia. Wauza asali wa Tabora wanakutana na hilihili, asali ikikaa inafanya chenga mana ile sukari yake ya asili inajitenga, mteja anapiga picha anaandika "sukari guru hii", na kumbe ukiweka chupa kwenye maji ya moto kiasi inarudi kama ilivyokuwa. Kijana mmoja wa Tabora ninayemfahamu alikuwa anapoteza wateja kwa ajili hiyo mpaka alipoanza kubandika karatasi ndogo kwenye kila chupa, inasema asali hii itaganda na ukitaka iyeyuke fanya hivi. Sasa hivi wateja wake wenyewe ndo wanawaelekeza wageni kwenye komenti, yeye hata hajibu.

Unaona hapo? Posti moja, ndani yake pengine kuna kosa lako moja la kweli na kuna jambo moja ambalo mteja hajui. Ukizijibu zote kwa hasira moja unapoteza na ile haki uliyokuwa nayo.

Sasa kujibu. Watu wengi wanadhani wanamjibu aliyelalamika. Dada, yule mama ni mmoja. Grupu lile lina maelfu, na waliokomenti ni mia na kidogo, maana yake wengi wamesoma, hawajaandika kitu, wamepita. Hao ndo waliokuwa waagize wiki hii na hawakuagiza. Hao ndo unawaandikia. Na wao hawaangalii nani ana haki, wanaangalia kitu kimoja tu, nikituma hela yangu Kigoma, mamia ya kilometa kutoka nilipo, kwa mtu nisiyemjua sura, mzigo ukiwa na shida atanifanyaje. Mpaka leo wanachokiona pale ni malalamiko na chini yake ukimya wako wa wiki 2.

Mimi mwenyewe yalinikuta upande wa pili. Niliagiza taa za sola kutoka duka moja la mjini, wiki ya pili betri ikafa, nikaandika kwa adabu kabisa chini ya tangazo lao, kesho yake nikakuta komenti yangu imefutwa na mimi nimeblokiwa. Betri ilikuwa hela ndogo tu, pengine ningesahau. Ila ile kufutwa ilinikaa rohoni, nikaipeleka stori kwenye grupu la ukoo, la kanisani na la mtaa, na najua watu watatu walioacha kununua pale, na lile duka mpaka leo halijui mana magrupu ya WhatsApp hawayaoni. Kwahiyo usimwombe admini afute posti. Skrinshoti zipo tayari, na ikifutwa itarudi ikiwa na maneno "ameifuta", na hapo utakuwa na kesi mbili.

Mwombe admini kitu kingine, akuruhusu ujibu, na jibu lako alipandishe juu kama anaweza. Kama bakuli lilikuonyesha mchanga, andika kitu cha namna hii kwa maneno yako:

"Dada, asante kwa kusema na pole kwa usumbufu. Mchanga ni kosa langu, mzigo ule ulichanganyika na dagaa za kuanikwa chini. Kesho nakutumia ndoo nyingine ya dagaa za kwenye chanja, nauli ya basi juu yangu, au ukipenda hela yako nakurudishia leo hii. Mawese hayajachanganywa, mawese ya Kigoma yakipata baridi yanaganda, weka dumu kwenye maji ya moto yatarudi mekundu yanavyotiririka. Yasiporudi nirudishie na hayo pia. Na aliyenunua kwangu mwezi huu akakuta mchanga aniambie hapahapa."

Angalia hakuna "wateja wetu wote wanatusifu", hakuna "tuna miaka mingi kwenye biashara", na hakuna "njoo inboksi tuyamalize". Hiyo njoo inboksi ikiwa peke yake inasomeka kama unaficha, namba ya simu na ya kutumia hela sawa mpeleke inboksi, ila kosa na fidia viseme hadharani. Na ile sentensi ya mwisho najua itakutisha. Iache. Watakuja wawili watatu, uwalipe, na wale wanaopita kimya wataona unalipa.

Kama bakuli lilikuwa safi hiyo sehemu ya mchanga unaibadilisha, unaweka vidio yako na bado unampa nafasi ya kurudisha mzigo. Usiandike usiku ukiwa na hasira. Andika, lala, soma asubuhi, tuma.

Pengine unajiuliza kama hivi vitu vinaathiri biashara kiasi hicho au ni kelele tu. Vinaathiri, na kwa mtu kama wewe zaidi. Mwaka 2011 mtafiti wa chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, anaitwa Michael Luca, alichukua nyota ambazo wateja wanaipa migahawa ya mji wa Seattle kwenye Yelp, mtandao wa wateja kuandika maoni, akazilinganisha na mapato ya migahawa hiyo. Nyota moja ikiongezeka mapato yalipanda asilimia 5 mpaka 9. Ila sehemu ninayotaka uishike ni hii, ongezeko hilo lilikuwa kwa migahawa ya mtu binafsi, ile mikubwa yenye matawi kila mji nyota hazikuitikisa. Sababu ni kwamba mkubwa anajulikana tayari, mteja haulizi mtu. Wewe wa Mwanga hakuna tangazo lako redioni, mteja wa Arusha anakujua kwa maneno ya mteja mwingine tu, basi hayo maneno kwako ndo bango la dukani.

Na watafiti wa chuo kikuu cha Northwestern, hukohuko Marekani, mwaka 2017 walikuta vitu viwili ambavyo vinajibu moja kwa moja wazo la mdogo wako. Cha kwanza, bidhaa yenye maoni matano tu ya wateja ilikuwa na uwezekano wa kununuliwa mkubwa kwa asilimia 270 kuliko isiyo na maoni kabisa. Matano! Huhitaji mia tano. Cha pili, watu walinunua zaidi pale wastani wa nyota ulipokuwa kati ya 4.0 na 4.7, na ulipokaribia 5 kamili manunuzi yakaanza kushuka, mana mnunuzi akiona sifa tupu anahisi kapangiwa. Kwahiyo hiyo komenti ya mchanga, ikiwa na jibu zuri chini yake, inaweza ikakusaidia kuliko kutokuwepo.

Wale vijana wa kulipwa achana nao kabisa, dada. Nimeshaona kazi yao. Akaunti kumi mpya hazina picha, zote siku moja, zote "mzigo mzuri sana mungu awabariki", na wanawake wa magrupu yale wana macho, anafungua akaunti moja anakuta haina rafiki hata mmoja, anapiga skrinshoti, na sasa umetoka kwenye mchanga umeingia kwenye utapeli, na huko harudi mtu. Alaf ni kosa pia. Sheria yetu ya Ushindani ya 2003, ile inayosimamiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji, na Marekani mwaka 2024 wameweka kanuni kabisa inayopiga marufuku maoni ya kununua. Google nao hawaruhusu kumpa mtu hela au punguzo ili akuandikie vizuri.

Na mume wako, mwambie namwelewa, anaumia kwa ajili yako. Ila hiyo kesi ataibeba na nini? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kweli, kifungu cha 16 kinagusa taarifa za uongo zinazotolewa kwa nia ya kukashifu au kupotosha, na adhabu yake ni kali, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote. Sasa huyu mama alipiga picha mzigo aliolipia, mchanga kauona kwa macho yake, mawese yameganda kweli. Uongo wa makusudi uko wapi hapo? Na siku ikijulikana mtandaoni kwamba muuza dagaa kampeleka mteja polisi, hata wale wa ndoo 3 watahama. Ingekuwa mshindani wako katunga kitu ambacho hakijawahi kutokea, hapo ningekwambia tunza ushahidi na muone wakili.

Kitu kingine nakuomba usifanye hata ukichokozwa vipi, usije ukaposti namba ya huyo mama au risiti ya basi yenye jina lake ili kuonyesha kwamba yeye ndo mkorofi. Wafanyabiashara wengi wanafanya. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na jina na namba ya mteja sio mali yako ya kurusha hewani. Hata picha nzuri, mteja akikutumia ugali na dagaa zako mezani kwake, muombe kwanza ruhusa kabla hujaiweka statasi. Wengi wanakubali na wanafurahi kuombwa.

Hayo maoni matano ya kweli unayapataje basi? Unao wateja wa zamani, wale wanaoagiza kila mwezi. Wapigie, usiwatumie ujumbe wa kukopi. Waambie ukweli, kuna posti imenichafua, sikuombi unisifie, ila kama umewahi kupokea mzigo wangu nenda kaandike ulivyoupokea, hata kama kuna kilichokuudhi. Wakienda watano kila mmoja na maneno yake, mmoja akasema mzigo ulichelewa siku mbili lakini ulikuwa safi, hiyo ya kuchelewa ndo itaaminisha na ile ya usafi. Na kwenye ndoo mpya weka kikaratasi, piga vidio ukifungua, ukikuta shida nitumie mimi kwanza, nalipa. Mteja akiwa na mahali pa kulalamikia hana haja ya kwenda grupuni.

Duka lako liweke pia Google Maps, ni bure, mara nyingi watakutaka urekodi vidio ya eneo kuthibitisha. Nyota zitakazowekwa pale huwezi kuzifuta, unaweza kujibu tu, au kuripoti kama mtu katukana. Wageni wanaopita mjini kwenda hifadhi ya Gombe wanatafuta vitu kwa ramani, na hata mteja wa Dar akiona duka lipo kwenye ramani, lina picha, moyo unatulia.

Alaf zisome hizo komenti mia, zote, na kalamu mkononi. Mimi nimezipitia baada ya ujumbe wako. Acha matusi, kuna watu wasiopungua saba wanauliza kama kuna dagaa waliotolewa vichwa, kuna wanaouliza kama unatuma Mbeya, kuna mama anataka pakiti ndogo za kumpa mtoto wa bweni. Hao ni wateja wamekaa chini ya posti ya kukuchafua wakisubiri mtu awajibu. Na wengi wanalalamika bei kupanda ghafla na mzigo kukatika. Wa huko hawajui kwamba kwenye mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani mana taa hazivuti dagaa, wala hawajui kwamba mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane. Wao wanaona tu muuzaji kapandisha. Waambie kabla, kila mwezi, kwenye statasi, mwezi ukikua dagaa zitapungua, anayetaka aweke oda wiki hii.

Kwahiyo kesho nenda mwaloni mapema, nunua za kwenye chanja peke yake hata kama utapata ndoo 4 tu, usichanganye, fanya ile ya bakuli mbele ya kamera, kisha kaa uandike jibu lako. Kabla hujalibandika nitumie nilisome, nitakurudishia usiku huohuo.